Ulinzi wa Eneo: Funzo la Lugha Kutoka Kandanda ya Kimarekani

Kuna njia mbili za kulinda shamba la mpunga lililokaribia kuvunwa. Ya kwanza ni kumfuata kila ndege anayetua, kumkimbiza hadi mpakani, kisha kurudi kumsaka mwingine. Ya pili ni kuamia kwa mpango: kila mlinzi hupanda dungu lake, akakabidhiwa sehemu yake ya shamba, akaikodolea macho bila kujali ni ndege gani anayeijia. Anayetumia njia ya kwanza huchoka mapema, na wahenga walikwisha kusema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Anayetumia njia ya pili naye ana mtihani wake. Hana budi kumwamini mwenzake aliye kwenye dungu la pili, kwani ndege anayepita baina yao si wa yeyote na ni wa wote wawili.

Insha hii inahusu namna hizo mbili za ulinzi, si shambani bali katika mchezo wa video unaoiga kandanda ya Kimarekani. Yamkini baadhi ya wasomaji wa jarida hili watajiuliza Kiswahili kinaingia wapi. Ninawaomba subira, maana kwangu mimi mchezo huo ulikuwa suala la lugha tangu siku ya kwanza.

Niliufahamu nilipokuwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Ohio nchini Marekani, chini ya mpango wa Fulbright unaowapeleka vijana wa mataifa mbalimbali kufunza lugha zao huko kwa mwaka mmoja wa masomo. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 11. Nilielezwa mapema kuwa iwapo wangepungua chini ya 8 katika muhula wa pili, darasa lingefungwa. Wengi wao walikuwa wamekijua Kiswahili kupitia filamu za katuni, na walikichukulia kuwa lugha ya salamu, wanyama na methali. Mmoja wao, kijana mpole aliyependa kuketi nyuma, aliniuliza kwa adabu swali ambalo lilinikosesha usingizi: "Mwalimu, je, kuna mambo magumu yanayoweza kuelezwa kwa Kiswahili?"

Nilimwambia achague jambo lolote gumu analolijua vyema, nami nijifunze kulieleza. Alichagua ulinzi wa eneo dhidi ya pasi katika mchezo wa Madden NFL. Basi heshima ya lugha yetu, na pengine uhai wa darasa lenyewe, vikawekwa rehani katika mchezo ambao sikuwa nimewahi kuushika.

Kwa manufaa ya msomaji asiyeujua, nitaueleza kwa ufupi. Uwanja wa kandanda ya Kimarekani una urefu wa yadi 100 baina ya mistari miwili ya magoli, pamoja na yadi 10 za ziada kila upande ambamo mabao hufungwa. Upana wake ni yadi 53 na thuluthi moja. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne. Ikishindwa huusalimisha mpira. Njia ya haraka ya kusonga ni pasi. Mchezaji mmoja, kwotabeki, ambaye darasani tulimwita mrushaji, huutupa mpira kwa wapokeaji wanaokimbia njia zilizopangwa kabla.

Mchezo wa video wenyewe una historia inayohusiana moja kwa moja na mada hii. John Madden alikuwa kocha wa Oakland Raiders, na aliiongoza timu hiyo kutwaa ubingwa wa Super Bowl mnamo Januari 1977. Kampuni ya Electronic Arts ilipotaka kutumia jina lake katika mchezo wa kompyuta, alishikilia kwamba sharti kila upande uwe na wachezaji 11, ijapokuwa kompyuta za wakati ule zililemewa na idadi hiyo. Mchezo ulitoka mwaka wa 1988. Madden alifariki Desemba 2021, lakini msimamo wake ungali na maana, kwa sababu bila watu 11 uwanja haugawanyiki, na bila kugawanya uwanja hakuna ulinzi wa eneo.

Hesabu yenyewe huanzia hapo. Kwa kawaida walinzi wanne humvamia mrushaji ili kumnyima muda. Hubaki saba. Elimu yote ya ulinzi wa eneo ni elimu ya kuwagawa hawa saba katika uwanja mpana. Wakigawanywa wawili nyuma na watano mbele yao, Wamarekani huuita mpango huo Kava 2. Wakiwa watatu nyuma na wanne mbele, ni Kava 3. Wakiwa wanne nyuma na watatu mbele, ni Kava 4. Mlinzi wa nyuma katika Kava 2 hulinda nusu ya upana wa uwanja, yaani yadi 26 na ushei. Katika Kava 3 hulinda takriban yadi 18, na katika Kava 4 zaidi kidogo ya yadi 13.

Kila mpango una tundu lake. Kava 2 huacha pengo katikati, baina ya walinzi wawili wa nyuma, na mengine mawili pembezoni, nyuma ya mlinzi wa pembeni na mbele ya yule wa nyuma. Kava 3 hufunga katikati lakini hufungua mishono miwili inayowatenga walinzi watatu wa nyuma, aidha huacha mbavu za uwanja zikiwa dhaifu. Kava 4 ni kizuizi thabiti cha pasi ndefu, ilhali mbele yake walinzi watatu pekee hulinda upana wote, na pasi fupi hupita kwa urahisi. Mtu hawezi kuchagua mpango usio na tundu. Anachoweza ni kuchagua tundu litakalomgharimu kidogo kwa wakati ule.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Kijana yule alikuwa akinifunga mabao manne au matano ya pasi katika kila mchezo, nami niliandika daftarini kila pasi iliyopita: ilipita wapi, katika jaribio la ngapi, na dhidi ya mpango upi. Kutoka katika daftari hilo nilipata kanuni tano ambazo ningependa kuziweka mbele ya msomaji, kwa kuwa zinaweza kumfaa mchezaji yeyote.

Kanuni ya kwanza ni kulijua jaribio kabla ya kuchagua mpango. Ikiwa ni jaribio la tatu na zimesalia yadi 12, pasi ya yadi 6 haimdhuru mlinzi. Mwache mpokeaji aidake, kisha umwangushe papo hapo. Kava 4 inafaa sana hapo. Lakini ikiwa zimesalia yadi 2 pekee, mpango huo huo ni zawadi kwa mshambulizi, kwa kuwa walinzi wanne watakuwa wamekimbilia mbali na mahali pa hatari.

Kanuni ya pili inahusu kina cha malindo. Matoleo ya Madden ya miaka ya karibuni humruhusu mchezaji kuamua walinzi wa mbele warudi yadi ngapi kabla ya kusimama. Wachezaji wengi hawakigusi kipengele hiki. Kumbe ndicho kinachoufanya mpango mmoja uwe mipango mingi: zikisalia yadi 12, warudishe walinzi hao karibu na yadi ya 10, na pasi iliyokuwa ikipita juu ya vichwa vyao itakutana na mikono yao.

Kanuni ya tatu ni kumchagua kwa busara mlinzi utakayemwongoza mwenyewe. Mchezaji huongoza mtu mmoja tu kwa pedi, nayo kompyuta huwaongoza 10 waliosalia. Wengi hupenda kumshika mvamizi wa mbele, kwani kumwangusha mrushaji kuna raha yake. Hata hivyo, kompyuta huifanya kazi hiyo vyema bila msaada. Inachoshindwa ni kukisia. Kwa sababu hiyo mshike mlinzi wa kati aliye nyuma ya wavamizi, umsimamishe karibu na tundu la mpango uliouchagua: katikati ikiwa ni Kava 2, na kwenye mshono wa upande wenye wapokeaji wengi ikiwa ni Kava 3. Kompyuta ilinde palipo wazi kwa wote. Mtu alinde panapohitaji kufikiri.

Kanuni ya nne ni kufunga cha mbali kwanza, kisha kushuka. Washambulizi hodari huwatuma wapokeaji watatu upande mmoja katika vina vitatu: mmoja karibu, mmoja kati, mmoja mbali. Mlinzi mmoja hujikuta kati ya wapokeaji wawili, na popote atakapoelekea, pasi itaenda kwingine. Kanuni inamwelekeza asimame chini ya yule wa mbali na kumwachia yule wa karibu. Pasi fupi hulipika kwa kumwangusha mpokeaji baada ya yadi tatu au nne. Pasi ndefu hailipiki.

Kanuni ya tano ni kukumbuka kwamba ulinzi wa eneo ni ahadi yenye muda. Katika ligi ya kweli ya NFL, kwa wastani mpira huondoka mkononi mwa mrushaji kabla ya sekunde tatu kwisha. Baada ya hapo malindo huanza kufumuka, kwa kuwa wapokeaji wameshapata nafasi baina yake. Hivyo, ikiwa wavamizi wanne hawamfikii mrushaji, hata mpangilio mzuri wa nyuma utavunjika. Unaweza kumwongeza mvamizi wa tano, lakini saba watakuwa wamekuwa sita, na lazima ujue ni lindo lipi umeliacha tupu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta hujengwa kwa pointi sita sita. Fauka ya hayo, ficha nia yako. Mshindani mzoefu huwahesabu walinzi wa nyuma kabla mpira haujaanza kuchezwa. Akiwaona wawili hutarajia Kava 2 au 4. Waonyeshe wawili, kisha mmoja ashuke mpira unapoanza, na hesabu yake itakuwa imeharibika.

Kielelezo bora zaidi cha ulinzi huu nilikiona katika mchezo wa kweli uliorekodiwa. Mwaka wa 1996 kocha Tony Dungy na msaidizi wake Monte Kiffin walianza kazi katika timu ya Tampa Bay Buccaneers. Walichukua Kava 2, ambayo mizizi yake Dungy aliijua tangu alipoichezea Pittsburgh Steelers miaka ya 1970, wakamwamuru mlinzi wa kati arudi mbali na kuziba pengo lililo baina ya walinzi wawili wa nyuma. Mpango huo ukaitwa Tampa 2. Dungy aliondoka kabla ya mavuno, lakini Kiffin alibaki, na mnamo tarehe 26 Januari 2003 timu hiyo iliwashinda Oakland Raiders 48 kwa 21 katika Super Bowl. Walinzi wa Tampa Bay walinyakua pasi tano za mrushaji Rich Gannon, na tatu kati yazo zikarudishwa hadi golini. Mchezaji bora wa siku hiyo alikuwa mlinzi wa nyuma, Dexter Jackson. Ukiutazama mchezo huo utaona kwamba walinzi hawakuwa wakiwafukuza wapokeaji. Walikuwa wamesimama mahali pao, nyuso zimemwelekea mrushaji, wakingoja.

Sasa turudi kwenye lugha. Maadamu ahadi yangu ilikuwa kueleza haya yote kwa Kiswahili, tulilazimika kuwa na istilahi. Wanafunzi walitarajia kwamba tungeyachukua maneno ya Kiingereza na kuyavika irabu mwishoni. Mengine tuliyachukua hivyo, na sioni haya: kava, yadi na kwotabeki ni maneno yasiyo na kosa lolote. Kwingineko Kiswahili kilikuwa na neno likingoja. Eneo analokabidhiwa mlinzi mmoja ni lindo, wingi wake malindo. Mpaka baina ya malindo mawili, pale panapofumuka, ni mshono. Kumwandama mpokeaji mmoja ni kukaba, kama watangazaji wetu wa kandanda wasemavyo.

Jambo lililowashangaza zaidi, nami pia, lilihusu vitenzi. Ipo aina ya ulinzi ambapo mlinzi huanza katika lindo lake, kisha mpokeaji akiingia humkaba kama mtu kwa mtu, na akitoka humwachia mwenzake. Nick Saban ni miongoni mwa makocha walioiendeleza, alipokuwa msimamizi wa ulinzi wa Cleveland Browns chini ya Bill Belichick kati ya 1991 na 1994. Cleveland iko Ohio, na kijana wangu alikuwa shabiki sugu wa timu hiyo. Aliniambia kwa fahari kwamba hapa ndipo Kiswahili kingekwama, kwani hata kwa Kiingereza maelezo yake huchukua sentensi tatu. Nikaandika ubaoni neno moja: kupokezana. Tulilichambua pamoja: mzizi wa kupokea, kiambishi cha kusababisha, kisha kiambishi cha kutendana. Wanariadha wetu hupokezana vijiti. Walinzi hawa humpokezana mpinzani. Halafu nikaandika la pili: kulindia. Unalinda lindo lako, lakini mwenzako akivutwa nje ya lake, unamlindia. Kiambishi kimoja cha kutendea kilibeba wajibu, msaada na mtu anayesaidiwa. Kijana alikaa kimya, akainakili mifano yote miwili, kisha akauliza kama kitenzi chochote kinaweza kunyambuliwa hivyo. Wiki mbili zilizofuata tulifunza mnyambuliko wa vitenzi bila mtu yeyote kulalamika.

Ilipofika Februari alikuwa akinifunga bao moja au mawili ya pasi, na mara nyingi alilazimika kukimbia na mpira badala ya kuutupa. Wanafunzi 9 kati ya 11 walirejea muhula wa pili. Sidai kwamba mchezo ndio uliowarudisha. Wapo waliohitaji alama za kozi, na wapo waliopenda chapati za Ijumaa. Ninachoweza kudai ni kwamba swali la mambo magumu halikuulizwa tena.

Nimerejea nyumbani na fikra moja ambayo ningependa kuikabidhi jumuiya ya wasomi wa Kiswahili. Naona kwamba katika kuilinda lugha yetu tumependa mno ulinzi wa mtu kwa mtu. Neno la kigeni likiingia, tunalifukuza hadi mpakani. Tunaandika makala kulipinga, tunaliundia mbadala, tunabishana kuhusu mbadala huo kwa miaka, na neno lenyewe linaendelea kutumika sokoni. Wakati huo huo sajili nzima zimeachwa bila mlinzi. Ni nani amekaa kwenye lindo la michezo ya video, ambayo vijana wetu huicheza kila jioni wakisemezana kwa lugha nyingine? Ni nani yuko kwenye lindo la bima, la mikataba ya kukodi nyumba, la maelezo ya dawa? Neno moja la mkopo ni pasi fupi, hulipika. Sajili iliyopotea ni pasi ndefu.

Kandanda ya kawaida inatufunza kwamba jambo hili linawezekana. Sajili yake haikukaa ikingoja kamati. Watangazaji wa redio, akiwemo Leonard Mambo Mbotela aliyefariki mwaka wa 2025, walikuwa na mpira mbele yao na wasikilizaji waliotaka kuuona kwa masikio, hivyo wakasema. Waliokaa kwenye lindo ndio walioijaza. Mtihani mwingine uko njiani: mnamo Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha kandanda ya Kimarekani ya vitambaa, inayochezwa na watu watano kila upande, iingie katika michezo ya Los Angeles ya 2028. Mtangazaji wa Kiswahili atakayeielezea atahitaji neno la mrushaji, la mpokeaji, na la pengo lililo baina ya walinzi wawili.

Pendekezo langu ni dogo. Kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kiwagawie wanachama wake malindo, kila mmoja apewe sajili moja kwa mwaka mmoja, aikae, asikilize inavyosemwa na watu, akusanye, kisha ampokeze mwenzake. Asiyeweza kumaliza alindiwe. Kwa upande wangu nimekwisha kuchukua lindo la kandanda ya Kimarekani. Orodha tuliyoitunga Ohio ina maneno 34, na bado ninayachuja. Neno mshono tayari limepingwa na rafiki yangu mmoja anayeona kwamba ufa lingefaa zaidi, na ningefurahi kuwasikia wasomaji wengine kabla sijaukata shauri.